"Sì" si "Ndiyo": Kasoro ya Kufundisha Kukubali kwa Neno Moja

Karibu kila kitabu cha mwanzo cha kujifunzia lugha ya kigeni kina ukurasa wa safu mbili. Upande wa kushoto kuna neno la kigeni, upande wa kulia kuna tafsiri yake, na miongoni mwa maneno kumi ya kwanza halikosekani neno la kukubali. Anayejifunza Kiitaliano husoma: sì, ndiyo, no, hapana. Kisha hugeuza ukurasa na kuendelea na siku za juma. Katika makala haya tunakusudia kuuhoji mstari huo mmoja. Tunathubutu kusema kwamba tafsiri hiyo ni sahihi nusu tu, na kwamba nusu iliyobaki humfanya mwanafunzi aseme uongo bila kukusudia.

Huenda mtu akauliza Kiitaliano kina uhusiano gani na idara ya Kiswahili. Jibu letu ni fupi. Miongoni mwa vijana wanaopita madarasani mwetu wamo wanaokwenda Roma kwa masomo ya dini, na hapa Burundi na ng'ambo ya ziwa, huko Uvira, wengi wamekutana na mapadre Wasaveriani, shirika lililoanzishwa Parma mwaka 1895. Pwani ya Kenya nako, Malindi na Watamu, Kiitaliano husikika sokoni na hotelini. Isitoshe, mwalimu wa Kiswahili anayekitazama Kiitaliano kwa makini hugundua mambo ambayo hakuwahi kuyaona katika lugha yake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa karibu nayo mno.

Tuanze na asili ya neno. Warumi wa kale hawakuwa na neno moja maalumu la kukubali. Aliyeulizwa kama amekuja alirudia kitenzi, akasema "nimekuja", au alitumia neno kama ita, etiam au sic. Hili la mwisho lilimaanisha "hivyo", na ndilo lililozaa sì ya Kiitaliano. Kusini mwa Ufaransa watu walishika neno jingine la Kilatini, hoc, yaani "hilo", likawa oc. Kaskazini waliunganisha hoc na ille likawa oïl, na baadaye oui tunayoijua sote. Dante Alighieri, aliyezaliwa Florence mwaka 1265, aliitumia tofauti hiyo kuzigawa lugha. Katika kitabu chake De vulgari eloquentia, alichokiandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 14 akiwa uhamishoni na ambacho hakukimaliza, alizitenga lugha za oc, za oïl na za sì. Hata katika utenzi wake mkuu, kwenye wimbo wa 33 wa sehemu ya Jehanamu, Italia anaitambulisha kwa sauti ya neno hilo. Na jimbo la Languedoc nchini Ufaransa limebaki na jina lenye maana ya "lugha ya oc".

Tunakisifu kipimo cha Dante kwa jambo moja: alichagua neno ambalo hata mtu asiyejua kusoma hulitamka mara nyingi kila siku. Hakuchagua neno la washairi wala la mahakimu. Kasoro yake ni kwamba neno la kukubali amelifanya bendera ya taifa. Anatuambia watu husema nini, lakini hatuambii hulisema lini, kwa nani, na wakijibu swali la namna gani. Ajabu ni kwamba katika kitabu hicho hicho anahesabu aina zisizopungua 14 za usemi ndani ya Italia na kuzitia dosari zote. Basi waliounganishwa na sì walikuwa hawaelewani kwa mengine mengi. Vitabu vya safu mbili vimerithi kasoro hiyo bila kurithi ustadi wake.

Tukijaribu kipimo hicho kwetu, Kirundi kingekuwa lugha ya ego na Kinyarwanda lugha ya yego, na mto Akanyaru ungekuwa mpaka wa herufi moja. Ama Kiswahili kingetushinda. Je, ni lugha ya ndiyo, ya naam, au ya ee? Mvulana wa Tanzania akiitwa na mzazi wake huitika "naam", na dada yake huitika "abee". Hakuna kati yao anayejibu swali la kweli au si kweli. Wanasema tu, "nimekusikia, niko tayari kutumwa". Mwitaliano akiitwa huitika Sì?, kwa sauti ya kupanda. Hapo tayari safu mbili zimepata mgogoro wao wa kwanza, kwa maana mwanafunzi atakayeitika "Ndiyo?" mbele ya mama mkwe wake wa Unguja hatasifiwa kwa adabu.

Neno ndiyo lenyewe lina ukoo unaofaa kukumbukwa. Ni ndi- ya msisitizo na -yo ya urejeshi, ndugu wa ndiye, ndicho, ndilo na ndipo. Kwa asili ni kama kusema "ni yenyewe". Sì, ambayo asili yake ni "hivyo", kwa hakika ni jirani zaidi wa ndivyo kuliko wa ndiyo. Tunaligusa hili kwa sababu wanafunzi wetu wengi huandika "ndio" pale wanapokusudia kukubali, ilhali ndio ni ya "watu ndio" na "mti ndio". Kosa lao lina pacha wake Italia, ambako watoto wa shule husahau alama ya mkazo juu ya sì na kuandika si, neno jingine kabisa linalohusu kujitendea au mtenda asiyetajwa. Alama hiyo si pambo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hatari ni maradufu, kwani si kwetu ni neno la kukanusha. Kichwa cha makala haya kinaweza kusomeka kwa lugha mbili, na kila lugha ikapata jambo lake.

Tufike sasa kwenye kiini. Katika swali yakinishi hakuna ugomvi. "Umekula?" "Ndiyo." Hai mangiato? Sì. Safu mbili zinakwenda sambamba na mwandishi wa kitabu anastahili pongezi. Ugomvi huanza swali linapokuwa kanushi. "Hujala?" Mswahili ambaye bado hajala hujibu, "Ndiyo", akiwa na maana ya "Ndiyo, kama ulivyosema, sijala". Mwitaliano akiulizwa Non hai mangiato?, naye hajala, hujibu No. Akijibu Sì, huwa amepinga: amekula. Maneno mawili tuliyoambiwa ni sawa sasa yametazamana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, mkono wa kulia umekuwa wa kushoto.

Sababu yake ni hii. Ndiyo yetu humwelekea msemaji: umesema sawa, nakubaliana nawe. Sì humwacha msemaji kando na kuliendea jambo lenyewe: jambo hili limekuwa. No nayo husema jambo halikuwa, bila kujali muulizaji alilipangaje swali lake. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba sisi tunajibu kinyume na wao wanajibu sawasawa, kama tulivyowahi kusikia ikisemwa. Kila upande una hesabu yake, na hesabu zote mbili ni timamu.

Tuchukue mfano wa hospitali, kwa sababu huko ndiko jambo hili linakoacha kuwa mchezo wa sarufi. Muuguzi wa Milan anamuuliza mgonjwa kabla ya kumdunga sindano: Non ha allergie? Yaani, "Huna mzio wowote?" Mgonjwa aliyelelewa kwa Kiswahili, aliyejifunza kwa safu mbili, hana mzio. Anajibu kwa unyoofu, Sì. Muuguzi anaandika kwamba anao, na dawa inabadilishwa bure. Hilo ni afadhali. Mgonjwa wa pili anao mzio, naye anajibu No, akikusudia "Hapana, usemavyo sivyo, ninao". Muuguzi anasikia "sina" na kuishika sindano. Hakuna kati yao aliyekosea neno hata moja katika orodha ya kitabu. Mwanafunzi wa namna hii angepata alama zote katika mtihani wa msamiati.

Tunakiri kwamba hata ndani ya Kiswahili mambo hayajatulia. Mjini, wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa au Kiingereza husikika wakijibu "Hujala?" kwa "Hapana, sijala", na wenzao wa meza moja wakajibu "Ndiyo, sijala". Ndiyo maana msemaji makini haliachi neno hilo peke yake. Huongeza kitenzi, na kitenzi ndicho kinachobeba ushahidi. Waitaliano nao hufanya hivyo hivyo wanapotaka kupinga ukanushi kwa nguvu: Sì che ho mangiato, "Nimekula, tena sana". Hapa mwalimu wa Burundi, Rwanda au Kongo ana mtaji ambao mwenzake wa Dodoma hana. Wanafunzi wetu wanaijua si ya Kifaransa, ile ya kumrudi mtu aliyesema huna na wewe unacho. Ni mtoto wa sic vile vile. Mwanafunzi akiambiwa kwamba sì ya Kiitaliano imebeba kazi ya oui na ya si kwa pamoja, na kwamba katika swali kanushi ni ile si ya kupinga, nusu ya somo imekwisha. Hatujapata kukiona kitabu cha safu mbili kinachotoa msaada huo mdogo.

Lipo pia swali lenye sura ya ukanushi lakini moyo wake ni wa kukubali. Non è bello?, husema mtu akionyesha mandhari, naye hangoji habari, anangoja Sì. Sisi tunasema "Si pazuri?" au "Si ndiyo?", na mwenzetu huitikia "Pazuri!" Hapo lugha zote mbili zinapatana tena, na si yetu ya ukanushi imekuwa chambo cha kuvulia "ndiyo".

Kwamba "ndiyo" ni tupu mpaka ujue swali lake, Waitaliano wenyewe walijifunza mbele ya sanduku la kura. Mwezi Desemba 1970 nchi yao ilipitisha sheria ya kuruhusu talaka. Waliopinga waliomba kura ya maoni, nayo ikafanyika tarehe 12 na 13 Mei 1974. Kwa mujibu wa kifungu cha 75 cha Katiba yao, kura ya namna hiyo huuliza kama wananchi wanataka sheria ifutwe. Basi aliyetaka talaka iendelee kuruhusiwa alipaswa kuandika alama kwenye No, na aliyeikataa talaka alipaswa kusema Sì. No ilishinda kwa takriban asilimia 59. Katika kampeni, pande zote mbili zilikuwa na kazi ya kuwaeleza wapiga kura kwamba kukubali ni kukataa na kukataa ni kukubali. Wakenya, katika kura yao ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, walitumia ndizi kwa ndiyo na chungwa kwa hapana. Tunda angalau halina ukanushi.

Turudi kwenye kitabu chetu cha safu mbili. Kosa lake la pili ni kumnyima mwanafunzi maneno ambayo Mwitaliano huyatumia kukubali pale ambapo sì peke yake ingesikika kavu. Va bene, "inakwenda vizuri", ni sawa yetu: nimelipokea pendekezo. D'accordo ni makubaliano ya watu wawili, Volentieri ni kukubali mwaliko kwa moyo mkunjufu, Certo ni "bila shaka". Hayo hayana shida, na kitabu kizuri hukaa nayo ukurasa mmoja. Tatizo ni maneno yanayofanana na kukubali na yana lake jambo.

Già, kwa mfano. Maana yake ya kwanza ni ile ya kiambishi chetu -sha-, jambo lililokwisha kuwa. Lakini mtu akilalamika kwamba bei zimepanda tena, mwenzake anaweza kujibu Già, na hapo hajakubali kwa furaha. Amesema, "ndivyo ilivyo, nilishalijua, tufanyeje". Mwanafunzi akiitumia già kukubali mwaliko wa chakula, mwenyeji atadhani mgeni amechoka naye. Infatti nayo huwadanganya wanaotokea Kiingereza, maana umbo lake linawavuta kwenye "kwa kweli" ya kusahihisha. Kumbe Mwitaliano huitumia kusema "ndivyo hasa, umenena niliyokuwa nayo moyoni". Ho capito, "nimeelewa", haina ahadi yoyote ndani yake. Walimu wanaijua vizuri, kwani wanafunzi wa kila nchi husema wameelewa ili somo liishe. Come no, "vipi isiwe", ni ndiyo ya nguvu, lakini ikivutwa kidogo kwa sauti hugeuka kejeli, sawa na "haswaa" ya mtu asiyeamini hata chembe. Ama assolutamente inafanana na kabisa yetu: inatia nguvu upande wowote, na ikiachwa peke yake msikilizaji huweza kubaki njia panda. Waangalifu huongeza sì au no mbele yake. Siku hizi kabisa yetu ikisimama pekee imeelemea upande wa kukubali, jambo ambalo lingefaa tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza.

Magari tumeiweka mwisho kwa makusudi, maana hakuna darasa la Waswahili litakalokubali kuendelea kabla ya kucheka. Unamuuliza Mwitaliano kama anataka kahawa, naye anakujibu "magari". Neno hili limetoka kwenye Kigiriki, katika neno la kumwita mtu mwenye heri, na limebaki na harufu ya dua. Maana yake ni "laiti", "ingekuwa heri". Katika jibu la kahawa ni kukubali kwa hamu: ningefurahi sana. Lakini ukimuuliza kama amenunua nyumba naye akajibu Magari!, hajanunua. Anatamani. Neno moja, mara ni ndiyo na mara ni hapana, na linalotofautisha ni kama jambo limo katika uwezo wa muulizaji kulitoa. Kitabu kinacholitafsiri kwa "labda", nalo kweli hutumika hivyo mahali pengine, kimechukua ganda la nazi na kuacha tui.

Aidha, kuna kukubaliana na mtu kuhusu hali yako mwenyewe. Mwitaliano anasema hapendi kahawa, Non mi piace il caffè. Anayekubaliana naye husema Neanche a me, "hata mimi". Anayehitilafiana naye husema A me sì, "kwangu mimi, ndiyo". Kiswahili hakipendi kuacha mambo hewani namna hii. Tunarudia kitenzi, "Mimi naipenda", kama Mrumi wa kale. Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno husema Anche a me, akidhani "pia" inatosha pande zote, naye Mwitaliano anabaki akijiuliza kama mwenzake anapenda au hapendi.

Na pengine kukubali kwa ufasaha ni kusema hapana. Ti dispiace se apro la finestra?, huuliza abiria wa treni, yaani "itakuudhi nikifungua dirisha?" Jibu la ruhusa ni No. Mgeni mwungwana akijibu Sì kwa tabasamu, dirisha litabaki limefungwa na joto litawaumiza wote wawili. Kiswahili kwa kawaida hakiombi kwa mlango huo. Tunasema "Naomba nifungue dirisha", na jibu ni "Haya, fungua". Afadhali wanapobisha hodi tunaelewana: Permesso? hujibiwa Avanti!, kama hodi inavyojibiwa "Karibu!", na hakuna aliyehitaji ndiyo wala sì.

Hatuwezi kuacha kichwa na nyusi. Katika ukanda wetu, na hasa Uganda, mtu huinua nyusi mara moja na amekwisha kukubali, bila kufungua kinywa. Kusini mwa Italia, Naples na Sicily, kurusha kichwa nyuma kidogo, mara nyingi nyusi zikipanda pamoja nacho, ni kukataa. Wanaoishi kaskazini mwa nchi hiyo hiyo hukataa kwa kutikisa kichwa kulia na kushoto kama sisi. Mwanafunzi wetu anayeuzwa samaki sokoni Naples na kuinua nyusi atashangaa muuzaji anapomgeukia mteja mwingine.

Tunapendekeza nini basi? Kwanza, mstari ule wa "sì, ndiyo" usitangulie. Uje baada ya mwanafunzi kuwa na vitenzi vitano au sita anavyoweza kuvirudia, ili tangu siku ya kwanza azoee kujibu kwa sentensi: Sì, ho mangiato; No, non ho mangiato. Pili, maswali kanushi yasingoje kitabu cha tatu, kwa sababu wauguzi na maofisa wa uhamiaji hawasubiri. Na wanaofundisha Kiswahili kwa wageni wafanye vivyo hivyo kwa upande wao. Mgeni Mwitaliano akiulizwa "Hujalipa?" naye hajalipa, atajibu "Hapana", na karani anaweza kumpa risiti.

Limebaki suala la alama. Katika zoezi la swali la muuguzi, mwanafunzi mmoja anaweza kuandika Sì, non ho allergie. Vitenzi ni sahihi, habari ni ya kweli, na Mwitaliano yeyote ataielewa baada ya kusita kidogo. Neno la kwanza tu ndilo limevaa kanzu ya Kiswahili. Sisi tungempa nusu ya alama na maelezo pembeni, tukijua kwamba kitenzi alichoongeza kimemwokoa. Walimu wenzetu watakaotoa sifuri kwa jibu hilo, tungependa kusoma hoja zao katika toleo lijalo.